Benzi ya Mkwe Ishuke Vidole Vinne

Wiki iliyopita niliishia mahali pabaya: nimesimama kwenye kibaraza cha mkwe wangu, Mzee Abdulhamid, mbele ya wanaume waliotoka kuswali, nikimpa mke wangu talaka kwa makosa ya baba yake. Barua zimekuja. Msomaji mmoja wa Uvira ameniita mjinga, na mwingine amemwandikia mhariri kwamba nimpishe mtu mwenye akili aandike. Wote wawili sina la kuwajibu.

Anayeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza ajue haya. Mimi ni Hamissi, fundi wa magari wa Rumonge, mji wa ziwani kusini ya Bujumbura, karakana yangu ya mabati ilikuwa nyuma ya soko. Habari hii ni ya mwaka 1971. Mzee Abdulhamid alisema mbele za watu kwamba nisingekuwa na hata spana moja lau si binti yake. Sikuweza kumpiga mzee, basi nikampiga binti yake kwa neno. Mwanvua alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, akaisikia talaka yake pamoja na wageni.

Ilikuwa talaka moja, ile ya rejea. Kabla eda haijaisha ningeweza kumrudisha kwa kutamka tu: nimekurejea. Kila asubuhi nililitia neno hilo mdomoni na kila jioni nililimeza, kwa kiburi. Miezi mitatu ikapita. Nikaambiwa eda imekwisha. Siku ya kumi na moja baada ya hapo, Benzi nyeusi ya mkwe ikasimama mbele ya karakana yangu.

Gari lile kila mtu Rumonge alilijua. Lilikuwa la Mbelgiji mmoja wa michikichi, aliyeona uhuru unakuja akamwachia Mzee Abdulhamid funguo, akaenda zake. Miaka tisa mzee aliliendesha kutoka nyumbani hadi msikitini, mwendo ambao mbuzi angemtangulia.

"Asalaam alekum," akasema bila kushuka.

"Wa alekum salaam, Mzee."

Zamani nilimwita Baba. Aliisikia tofauti, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Hii gari iko juu sana. Nataka uishushe. Vidole vine."

"Kwa nini?"

"Weye uko mekanisiye ao uko mupolisi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Bi Kabibi, somo wa maharusi wote wa mtaa wetu, mwanamke aliyewafunda mama na mabinti wao na bado akabaki na maneno. Alikuwa na mkeka kwapani. Akautandika kando ya gari, akasimama juu yake, akainua mguu kana kwamba anapanda.

"Angalia vizuri, fundi. Bibi harusi akiinua muguu hivi, hina yote inaonekana mupaka hapa. Hina ni ya bwana yake, haiko ya watu wa soko. Mwaka jana mutoto wa Juma muuza chumvi alipanda gari ya jipu, ile ya juu. Mupaka leo wanaume wanahesabu maua ya muguu wake. Mi sitaki. Gari ishuke, mutoto atoke kwa mukeka, aingie kama anaingia chumbani."

"Bibi harusi gani?"

Niliuliza ingawa moyo ulikwishajua.

"Mwanvua," akasema Mzee Abdulhamid polepole, ili kila herufi inifikie. "Ijumaa. Anaolewa na Hassani, muuza vitambaa wa Buyenzi, pale Bujumbura. Nikahi itafungwa kule, nyuma ya sala. Mi mwenyewe ntamupeleka."

Alinitazama aone neno limeingia wapi. Liliingia, nakiri. Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Mafundi wamejaa Bujumbura," nikasema.

"Nataka uifanye weye. Watu waone ya kama hauna kinyongo."

"Na kama nina kinyongo?"

"Basi waone nacho."

Nikajaribu ufundi, maana ufundi hauna ukwe. "Mzee, hii gari ina umri, haifai kushushwa. Chini iko karteri, ile sufuria ya mafuta ya moteri. Toka hapo mupaka chini ni shubiri moja. Ukitoa vidole vine, utaiacha kwa mawe."

Mawe niliyoyasema kila dereva aliyajua. Nusu ya njia ya kwenda Magara, mvua za Aprili zilikuwa zimebeba daraja, na magari yalipita mtoni juu ya mawe makubwa.

"Unaogopea gari," akasema, "ao unaogopea yule atakuwa ndani?"

"Ntakuambia na ingine. Resori zikikatwa..."

"Mutu aliyeacha muke kwa sinia ya kahawa anifundishe mi namna ya kubeba mutoto wangu?"

Nilikuwa bado na neno moja. Nilitaka kusema kwamba resori, ile springi inayobeba gari, ikikatwa inakuwa fupi, na ikiwa fupi inakuwa ngumu, na gari gumu humrusha mtu hadi meno yagongane. Neno lile likabaki mdomoni.

Bi Kabibi mwenyewe akanipa nafasi ya pili. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa.

"Gari ya chini hairushi, si kweli? Ni kama kitanda cha chini. Hata ukianguka hauumii."

Nilikuwa nimejaa sumu. Nikamtazama, nikasema, "Weye ndiye somo, Bi Kabibi. Weye unajua vitanda."

Akalichukua kuwa ndiyo. Nami nikamwacha alichukue.

"Ukikataa," akasema Mzee, "nampelekea Cikuru. Atakata mbele ya adhuhuri."

Cikuru alikuwa fundi wa moteri za mitumbwi pale ufukweni, Mkristo kutoka Kivu ya kusini, rafiki yangu. Kwa chuma cha mtumbwi hana mfano. Kwa Benzi angechoma kila kitu kwa moto wa kuunganishia na kuomba Mungu afanye yaliyobaki.

"Lete funguo," nikasema.

Msidhani nilikubali kwa ajili ya kazi. Kichwani nilikuwa nimeshaliona gari lile limelala mtoni, na Mzee Abdulhamid ndani ya kanzu yake nyeupe, maji magotini, Hassani anangoja Buyenzi hadi sala inakwisha na wageni wanaondoka. Hayo yalinitosha. Mwanvua ndani ya gari lile sikumfikiria hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote nitakayoyasema leo.

Mzee hakuondoka hadi aliponiona nimeingia chini ya gari mgongo mavumbini.

"Mutaka cha mvunguni ainame," akasema juu yangu, kisha nikasikia ndara zake zikienda.

Siku mbili nilifanya kazi. Nilitoa resori zote nne, nikazikata duara moja na robo, nikazirudisha. Alhamisi asubuhi Cikuru akapita, akachuchumaa, akachungulia.

"Kazi safi," akasema. "Bati ya tumbo iko wapi?"

Hiyo ndiyo desturi ya ufundi wetu pale Rumonge, na tulifundishana wenyewe kwa wenyewe. Gari likishushwa, unapasua pipa la zamani la mawese, unalinyoosha kwa nyundo, unalifunga chini ya karteri. Jiwe likija, linagonga pipa. Bati la Benzi nilikuwa nimeshalikata. Lilikuwa limeegemea ukuta, na matundu yake ya boliti yametobolewa.

"Ntaiweka," nikasema.

"Hamissi. Uko na uso wa mutu anayepika sumu."

"Nimesema ntaiweka."

"Muke alishaenda, ndugu yangu. Wacha gari iende nayo."

Akaondoka. Niliutazama ule ukuta muda mrefu. Kisha nikaita mtu akamwambie Mzee gari liko tayari.

Alikuja alasiri, akalizungusha soko zima. Mchanga wa pale ni laini, hakuna aliyerushwa. Bi Kabibi alitandika mkeka wake mbele ya watu, akatoa mguu mkekani akautia ndani ya gari, na hakuna aliyeona hata kifundo. Watu wakapiga vigelegele kwa mguu wa bibi kizee. Wengi wa waliosimama pale mwaka uliofuata hatukuwa nao tena, mauaji yaliwachukua. Wakati ule hakuna aliyejua, na tulikuwa na nafasi ya kugombania gari.

"Murakoze, mekanisiye," akanishukuru Mzee kwa dharau tupu.

"Safari njema, Mzee," nikajibu, na mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye.

Ijumaa niliamka nikiwa na furaha ya kishenzi. Nilidhani wataondoka saa tatu, kwa ngoma na kwa watu. Nikatoa kiti mbele ya karakana niwaone wakipita. Kumbe walikwishaondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Hina iliyosumbua resori nne ilipita mtaani watu wakiwa bado wanapiga mswaki.

Hapo tu ningepaswa kujiuliza. Nilijiuliza baada ya Mariyamu kufika.

Mariyamu ni mdogo wake Mwanvua. Alikuja anakimbia, kanga moja begani, hana salamu.

"Shemeji."

"Mimi siko shemeji yako tena."

"Nijibu kwanza. Gari ikiwa chini, inarusha?"

"Inarusha kuliko ya juu. Resori zimekatwa, zimekuwa kama mawe. Unauliza nini?"

Akakaa juu ya tairi bila kutazama kama lina grisi.

"Bi Kabibi alisema hairushi. Alisema alikuuliza weye."

"Aliuliza kwa sababu ya hina."

"Hina ni maneno ya mbele za watu, shemeji. Mwanvua iko na mimba. Ya miezi ine."

Nilihesabu. Si hesabu ndefu, talaka niliitoa mwisho wa Machi na sasa ilikuwa katikati ya Julai. Nikahesabu tena kwa vidole, nikitumaini vidole vitasema jambo lingine.

"Ile ya kwanza ilitoka kwa njia hiyo hiyo," akasema Mariyamu. "Si unakumbuka."

Nakumbuka. Tulikuwa juu ya lori la chumvi tukitoka Muhuta kuzika, miaka miwili nyuma. Lori lilimrusha kwenye mashimo ya njia ile, na tulipofika nyumbani hatukuwa tena watu watatu. Mimi ndiye niliyemchimbia kijikaburi.

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Ndiyo sababu wameondoka giza, mutu asione tumbo. Hassani hajui."

"Na Mwanvua alikubali?"

Mariyamu akanitazama bila huruma. "Alisema mwanaume aliyemuacha mbele za watu hana mutoto kwake."

Sikuwa na wakati. Mwenye mimba eda yake ni kuzaa. Hilo hata mimi niliyetoroka chuo cha Kurani nalijua. Mwanvua alikuwa bado ndani ya eda, bado ningeweza kumrejea, na alikuwa amekaa ndani ya gari nililoliharibu kwa mikono yangu, akielekea kwenye mawe niliyoyachagua mimi.

Nilichukua baiskeli ya Cikuru bila kumwomba.

Njia ile ina vilima vinavyoshuka hadi ziwani na kupanda tena. Ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa kiangazi, mitumbwi yote imevutwa juu. Nilipanda, nikasukuma, nikapanda. Nilikuwa naomba Mungu gari liwe limekwama mapema, kabla halijamrusha sana, na nilijua hiyo ni dua ya mtu asiye na haya.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipoufikia mto.

Benzi ilikuwa katikati ya maji, pua chini, mkia juu. Mafuta meusi yalikuwa yakitambaa juu ya maji kuelekea ziwani. Mzee Abdulhamid alikuwa amesimama maji magotini, kanzu nyeupe imelowa, hasa kama nilivyompanga. Haikunifurahisha hata kidogo.

Mwanvua alikuwa amekaa ng'ambo, juu ya ule mkeka, ameegemea mti. Bi Kabibi alikuwa anampepea. Wauza mawese wawili waliokuwa wakienda Magara, kila mmoja na mabidoni manne, yale madumu ya mafuta, kwenye baiskeli, walikuwa wamesimama kutazama tajiri aliyekwama.

"Umekuja kucheka," akasema Mzee.

"Nimekuja kumchukua muke wangu."

"Muke yupi? Eda imekwisha."

"Eda ya mwenye mimba ni kuzaa."

Bi Kabibi akaacha kupepea.

"Nani amekuambia?" akauliza Mzee.

"Mzee, ulitaka kumpeleka mutoto wangu Buyenzi akaitwe wa Hassani?"

"Nilitaka kumupeleka mahali hatatukanwa kwa kibaraza." Nadhani hapo alikuwa anasema kweli. "Weye ulimutupa. Aliyetupa anarudi kuokota?"

Niliwageukia wauza mawese. "Nyinyi ni Waislamu?"

"Alhamdulillahi," akasema mmoja, akirudi nyuma hatua moja.

"Basi mushuhudie. Mwanvua binti Abdulhamid, nimekurejea."

Miezi mitatu nililimeza neno hilo, na siku hiyo nililitamka kwa ukali, kama mtu anayedai kiti chake. Nilisimama pale nikingoja kitu. Sijui nilingoja nini.

Mwanvua hakusimama. Aliniangalia kwa macho makavu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sheria umeipata. Sasa na mi nikuulize mbele ya mashahidi wako. Miaka mitano nilikushikia bati ya pipa ukiipiga nyundo. Hakuna gari uliyoshusha bila bati. Hii ya baba, bati yake iko wapi?"

Mzee Abdulhamid akainua uso. Hakuwa anaijua desturi hiyo. Wenye magari huwa hawajui kilicho chini yao.

"Nilisahau," nikasema.

"Hamissi. Mutu anayehesabu boliti kila jioni, anasahau bati?"

Nilitazama chini. Mashahidi wangu walikuwa wakinitazama, na mmoja alikuwa mdomo wazi.

"Niliiacha," nikasema. "Niliiacha kwa makusudi. Nilitaka mukwame hapa. Sikujua una mimba."

"Na kama singekuwa na mimba?"

Swali hilo nimelala nalo miaka mingi na bado halijanipa nafasi. Mzee alitoka majini akinijia, mkono umeinuliwa, na sikuukwepa. Haukunifikia. Mwanvua alikuwa ameinama ghafla, mikono yote miwili tumboni.

"Mama Kabibi," akasema. Basi, hilo tu.

Bi Kabibi akamfunika kwa kanga, akatazama, akainua uso.

"Iko na damu," akasema. "Kidogo. Bado kidogo."

Dispanseri ya masista ilikuwa kilomita nane mbele. Mtumbwi hakuna, ziwa limechafuka. Lori moja lilikuwa limepita asubuhi mapema na halikusimama. Kumbeba kwenye baiskeli juu ya mawe yale ilikuwa ni kummaliza. Kwa kilomita ishirini za njia ile kitu cha kumbeba kilikuwa kimoja tu, nacho nilikuwa nimekipasua tumbo.

Mzee Abdulhamid alishusha mkono.

"Fundi," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita hivyo. "Inaweza kwenda?"

Niliingia majini, nikapapasa chini ya pua ya gari. Tundu lilikuwa la ukubwa wa shilingi. Nikasema nipewe sabuni. Bi Kabibi alikuwa na kipande cha mche ndani ya sanduku la harusi. Nikakiponda na kitambaa, nikakisokomeza tunduni kwa kidole hadi kucha ikakatika. Sabuni haiogopi mafuta. Kila fundi wa njia ile anajua.

Tatizo lilikuwa mafuta yenyewe, maana yote yalikuwa yamekwenda na mto.

"Leteni bidoni," nikawaambia wauza mawese.

Mzee akanielewa kabla yao. "Mawese? Kwa moteri ya Benzi?"

"Itakwenda kilomita nane. Labda kumi. Kisha inakufa, na haifufuki."

Nilimwona akilitazama gari lake. Miaka tisa alilifuta mwenyewe kila Ijumaa na hakumwachia mtu. Kisha akachukua bidoni, akafungua mahali pa kutilia mafuta, akamimina mawese kwa mkono wake hadi mikono ya kanzu ikawa myekundu. Nilimchukia kidogo pungufu kuliko asubuhi.

Tulisukuma sote, wauza mawese nao, tukalitoa mtoni. Nilipoliwasha, lilikohoa, likatoa moshi wenye harufu ya jikoni, likashika.

Lakini resori zilikuwa bado ni zile zile ngumu. Kila jiwe la njiani lingemfikia Mwanvua kama pigo. Kulikuwa na njia moja tu ya kulainisha gari lile pale tulipokuwa: kutoa upepo kwenye matairi, nusu yake. Tairi laini lingemeza mawe. Na gari lingeshuka tena kidole kizima, na sabuni yangu ingekuwa karibu zaidi na ardhi.

Nilimweleza Mzee. Akashika kichwa.

"Ukishusha, tunagonga. Usiposhusha, tunamurusha."

"Ndiyo."

"Weye unasema nini?"

"Mzee, mimi ndiye wa mwisho kuulizwa."

"Shusha," akasema Mwanvua nyuma yetu. Alikuwa amekwisha kulazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Bi Kabibi. Miguu yake ilikuwa mlangoni, wazi, hina nyekundu hadi kwenye muundi, na hakuna mtu aliyekumbuka kuifunika. "Shusha, Hamissi. Na weye ndiye ukae kwa volan, uendeshe."

"Baba yako ndiye..."

"Baba anaijua njia ya musikiti. Weye unaisikia gari." Akavuta pumzi, akangoja maumivu yapite. "Sijakusamehe. Usifikiri. Lakini kama mutoto anakufa humu ndani, nataka na weye uwemo."

Nikapiga magoti kwenye kila tairi. Upepo ulitoka, na gari likashuka mbele ya macho yetu. Mzee Abdulhamid akazunguka akaingia upande wa abiria, upande ambao hajawahi kukaa tangu uhuru, akaanza kusoma dua kwa midomo tu.

Niliendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Nilikwepa jiwe la kwanza, nikakwepa la pili. Nyuma, Mwanvua alikuwa akiguna kila tulipoyumba, na nilishika mguno ule kama mtu anayeshika kamba. Kila nilipousikia nilijua yupo.

Kwenye kilima cha kwanza njia ilibana, mwamba upande mmoja, shimo upande mwingine, na jiwe moja katikati. Hapakuwa na pa kulikwepea. Nililipitisha chini ya tumbo la gari nikiwa nimeacha kupumua. Likagonga. Harufu ya mawese yanayoungua ikajaa ndani, sindano ya mafuta ikaanza kushuka.

Na nyuma yangu mguno ukakoma.

"Mwanvua," akaita Bi Kabibi. "Mwanvua, mwanangu."

Sikugeuka. Moteri ilikuwa bado inawaka, na nilijua nikisimama haitawaka tena. Wiki ijayo nitaendelea kutoka hapo.